Chombo Kibovu Humwaibisha Fundi

Ndugu msomaji, wahenga walituachia msemo kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake haina fumbo: mvivu ndiye anayekaa kivulini akikagua mpini na bamba, huku wenzake wamekwisha maliza tuta la tatu. Ni msemo mzuri, nami sina nia ya kuubeza. Lakini yafaa tukumbuke ulizaliwa katika zama gani. Ulizaliwa wakati jembe lilipofuliwa na mhunzi wa kijiji, mtu aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo. Jembe lake likipinda siku ya pili ya kulima, mwenye jembe aliujua mlango wa kubisha. Mhunzi yule hakutoa hati ya dhamana. Dhamana yake ilikuwa uso wake, maana alilazimika kukutana na wateja wake kisimani, harusini na msibani.

Leo vyombo vyetu vya kazi havitengenezwi na mtu tunayekutana naye msibani. Hutoka mbali, hupita mikono mingi, na hufika dukani vikiwa ndani ya boksi lenye picha ya kupendeza. Miongoni mwavyo vimo vilivyo bora, na vimo vilivyoigwa sura tu. Nataka leo nikueleze habari za chombo kimoja cha aina hiyo ya pili, nacho ni cherehani, kwa sababu naamini si nyumba yangu peke yake iliyoonja uchungu huu.

VICHWA VIWILI

Mke wangu ni mshonaji. Hushonea barazani kwetu, Temeke, jijini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kazi yake ameifanya kwa cherehani aliyoirithi kwa mama yake, Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye maua ya rangi ya dhahabu. Maua hayo sasa yamefutika mahali ambapo mikono ya wanawake wawili, mama na binti, imekuwa ikipita kila siku. Namba iliyogongwa kwenye chuma chake huanza kwa herufi E, alama ya kiwanda cha Clydebank huko Uskoti, ambacho wakati wa kustawi kwake kiliajiri watu zaidi ya 10,000, na ambacho kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa, lakini cherehani yake ingali hai. Imetulipia ada za shule, imetuezekea nyumba, na haijapata kutulaza na njaa.

Kazi ilipoongezeka, mke wangu akamchukua msichana wa kumsaidia, na ikawa lazima kupata cherehani ya pili. Sehemu ya fedha ilitoka katika upatu wa akina mama wa mtaa wetu, zamu yake ilipofika mwezi Novemba. Sehemu nyingine ilitoka katika mshahara wangu.

Tulikwenda Kariakoo pamoja. Mke wangu si mtu wa kudanganywa na rangi. Aliketi, akatunga uzi, akashona kipande cha kitambaa alichokuja nacho kutoka nyumbani, kisha akakigeuza na kukitazama juu na chini. Mshono ulinyooka. Kichwa cha cherehani kilikuwa cheusi, chenye maua yale yale ya dhahabu, shingo ile ile, na gurudumu lile lile upande wa kulia. Jina lake lilikaribia jina maarufu, ila herufi moja. Hilo tuliliona, na hatukulijali sana. Tulichokuwa tukitafuta ni mashine inayoshona, na jina tuliwaachia wenye kulipenda. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya cherehani zenye sifa, lakini haikuwa bei ya kutupa. Ilikuwa ni jasho la miezi mingi.

Wiki za mwanzo ilifanya kazi vizuri. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwani laonyesha kwamba ukaguzi wa dukani, hata ukifanywa na mtu anayeijua kazi yake, una mpaka. Wiki ya tano ilianza kuruka mishono. Wiki ya sita ikawa inakata uzi. Mwishoni mwa Desemba, wakati wazazi walipokuwa wakileta vitambaa vya sare za shule, sketi za bluu na mashati meupe, ikaanza kula kitambaa: ilikivuta chini ya sahani ya sindano, ikakisokota na kukitoboa. Wewe msomaji mwenye mtoto shuleni wajua kwamba sare haingoji. Shule hufunguliwa Januari, na mtoto asiye na sare siku ya kwanza hulia kabla hajafika mlangoni.

SIRI YA MILIMITA MBILI

Ili uelewe ugonjwa wa cherehani ile, sharti kwanza uelewe jinsi cherehani inavyofanya kazi. Wengi wetu hudhani ni sindano tu inayopanda na kushuka. Lakini mkono wa mwanadamu huiingiza sindano upande mmoja wa kitambaa na kuitoa upande wa pili, jambo ambalo mashine hii haiwezi kulifanya. Siri yake ni mbili. Kwanza, tundu la sindano liko karibu na ncha, haliko kwenye kitako. Pili, kuna nyuzi mbili: mmoja wa juu, unaobebwa na sindano, na mmoja wa chini, uliozungushwa katika bobini.

Sindano hushuka mpaka mwisho. Inapoanza kupanda, kiasi cha milimita 2 hivi, uzi wake hulegea na kufanya kitanzi kidogo kando ya tundu. Wakati huo huo ndoano iliyo chini ya sahani hupita, hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kuuzunguka uzi wa bobini. Nyuzi mbili hukumbatiana katikati ya kitambaa, na huo ndio mshono. Mmarekani Elias Howe alipata haki ya uvumbuzi wa mashine ya mshono wa namna hiyo mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Toka hapo mengi yamebadilika duniani, lakini kitanzi kile ni kile kile.

Tazama basi udogo wa nafasi hiyo. Ncha ya ndoano hupita kando ya sindano kwa umbali mwembamba kama karatasi. Ikiwa mbali, haidaki kitanzi, na mshono unaruka. Ikiwa karibu mno, hukwaruza sindano au huivunja. Ikiwahi, kitanzi hakijafunguka. Ikichelewa, kitanzi kimekwisha kulala. Na jambo hilo hurudiwa mara mamia kwa dakika moja, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo kusema ubora wa cherehani hauko katika maua ya dhahabu. Uko katika vyuma vidogo vilivyofichika, ambavyo vyapaswa kuwa vigumu, laini, na vyenye kukaa mahali pake bila kutikisika.

Tulimwita fundi wa cherehani, mzee mwenye sanduku la bisibisi na chupa ya mafuta, ambaye amezifungua mashine nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Alivilaza vichwa viwili ubavu kwa ubavu, kile cha urithi na kile cha Novemba, akaanza kutuonyesha. Ndoano ya cherehani ya urithi ilikuwa na ncha kali na uso unaong'aa kama kioo. Ndoano ya ile mpya ilikuwa imekwisha kuchubuka, na chini ya rangi yake ya fedha kulikuwa na chuma laini kilicholiwa na sindano. Tundu la sahani ya sindano lilikuwa na kingo zenye chenga, na hizo ndizo zilizokuwa zikikata uzi. Mhimili mkuu ulicheza ndani ya matundu yake. Skrubu iliyopaswa kuikaza ndoano isisogee ilikuwa na mizinga iliyolika, hivyo kila alipoirekebisha, ilirudi kulegea baada ya siku chache.

"Mama," alimwambia mke wangu, "hawa sura wameichukua, roho wameiacha."

Alipiga tupa kingo za sahani, akakaza alichoweza kukaza, akatuonya kwamba haitadumu. Haikudumu. Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara alilipwa haki yake, kwa maana kosa halikuwa lake. Ukijumlisha malipo yake, sindano zilizovunjika, uzi uliokatika na vitambaa tulivyowalipa wenyewe, ile nafuu ya bei ilikwisha kuyeyuka kabla ya mwezi Februari. Rahisi ghali, walisema wazee, nasi tulihesabu shilingi baada ya shilingi tukaona walisema kweli.

ANAYELAUMIWA NI MSHONAJI

Hata hivyo, ndugu msomaji, fedha si jambo lililonisukuma kuandika. Fedha huja na kwenda. Kuna kitu kingine ambacho chombo kibovu humnyang'anya mfanyakazi, nacho hakina risiti.

Siku moja ya Januari alikuja mama mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, na sketi ya binti yake iliyofumuka ubavuni siku ya pili tu ya masomo. Hakuwa na ukali wowote. Aliiweka sketi juu ya meza, akasema kwa sauti ya huruma, "Mama, siku hizi mkono wako umeharibika. Au macho?" Mke wangu hakujibu neno. Aliichukua sketi, akaifumua yote, akaishona upya kwa cherehani ya mama yake, akamrudishia bila kudai hata senti. Usiku ule nilimkuta akiitazama mikono yake mwenyewe chini ya taa, kama mtu anayekagua kitu cha kukopa.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wote wa bidhaa hafifu. Mteja haioni ndoano. Haoni skrubu. Anauona mshono, na mshono una jina la mshonaji. Aliyeitengeneza mashine hajulikani, aliyeiingiza nchini hajulikani, aliyeiuza amekwisha kulisahau sura lako. Anayejulikana ni yule aliyeketi barazani, na lawama yote humwangukia yeye. Ikisemwa mtaani kwamba mama fulani siku hizi hashoni vizuri, maneno hayo hutembea haraka kuliko basi, na kuyarudisha ni kazi ya miaka.

Yule msichana msaidizi naye alipata hasara yake. Alikuja kwetu kujifunza kazi. Kwa wiki nyingi alichojifunza ni kufumua. Mwanafunzi anayeanzia kwenye mashine inayoruka mishono hawezi kujua lini kosa ni la mkono wake na lini ni la chuma, na mwisho huamini kwamba kosa ni lake daima. Mke wangu ilimbidi amhamishie kwenye cherehani ya zamani mchana, na yeye mwenyewe aishonee usiku, ili mtoto wa watu asije akakata tamaa na kazi aliyoipenda.

"MALI IKISHAUZWA HAIRUDI"

Nilirudi dukani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mzee," alinikaribisha, akanipa kiti, akasikiliza. Nilipomaliza, alinionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, ambayo wewe nawe umekwisha kuyaona mara nyingi: mali ikishauzwa hairudi. Nilimwambia, "Mwanangu, samaki akishaoza, maandishi hayo hayamfanyi awe mbichi." Alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha dharau. Akasema yeye hununua kwa katoni, hazifungui, na anayemwuzia naye hununua kwa kontena. Hakukataa kunibadilishia. Alileta kichwa kingine, na nilipokigeuza nikaona namba iliyogongwa chini yake ni ile ile ya kichwa changu. Akaleta cha tatu. Nacho kilikuwa na namba hiyo hiyo. Mashine tatu, namba moja! Tulitazamana, na nadhani siku ile yeye mwenyewe ndiyo kwanza alijua alichokuwa akiuza. Mke wangu, ambaye safari hii pia alikuwapo, alizungusha gurudumu la kila kimoja kwa mkono, akasikia mkwaruzo ule ule, akasema twende zetu. Kubadilishiwa ubovu kwa ubovu si fidia.

Maandishi ya chini ya risiti hayako juu ya sheria za nchi. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893, yatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia, na akautegemea ujuzi wake, bidhaa yapaswa kuifaa kazi hiyo. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayokataza alama za udanganyifu. Tunalo Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi zake ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia. Milango ipo. Lakini mshonaji aliye na sketi kumi na nne za kumaliza kabla ya Jumatatu hana siku ya kuacha kazi akabishe milango. Mtengeneza ubovu anaijua hali hiyo, na ndiyo mtaji wake.

KUIGA SI DHAMBI

Asije mtu akadhani nasema kila kitu kilichoigwa ni kibaya. La hasha. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, viwanda vya Japani viliuchukua mfano wa Singer namba 15, vikakubaliana vipimo vya pamoja, hata kipuri cha kiwanda kimoja kikaweza kuingia katika cherehani ya kiwanda kingine. Walikuwa wakiiga, na hawakuficha. Lakini waliiga pamoja na ugumu wa chuma, ulaini wa nyuso na usahihi wa vipimo, na nyingi ya mashine zao zingali zinashona hadi leo. Viwanda vya China na India navyo vimetoa cherehani za mtindo huo ambazo zimesomesha watoto wengi katika Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi humwiga mwalimu, na hakuna fundi asiyeanza kwa kuiga.

Dhambi ni kuiga kile kinachoonekana na kukiacha kile kinachofanya kazi. Aliyeichora ile rangi ya dhahabu alikuwa na mkono mwema. Maua yalikuwa mazuri. Maana yake ujuzi ulikuwapo, na uangalifu ulikuwapo, ila vilipelekwa pale ambapo jicho la mnunuzi lingetua, vikaondolewa pale ambapo jicho halifiki. Huo ni udanganyifu uliofanyiwa hesabu, na wanaouchagua wanajua kwamba utagunduliwa, ila utagunduliwa wakiwa mbali.

LA KUFANYA

Ukitaka kununua cherehani, nakusihi uende na fundi, na umlipe siku yake. Usiridhike na mshono wa dukani. Ondoa mkanda, uzungushe gurudumu kwa kidole kimoja: liende kwa ulaini bila kukwama na bila kukwaruza. Likamate ulitikise, likicheza, mhimili umelegea. Ondoa sahani ya sindano, upitishe ukucha kwenye kingo za tundu. Ukucha ukikwama, na uzi utakwama. Toa kasha la bobini, uitazame ncha ya ndoano kwenye mwanga. Shona kitambaa chepesi, kisha kunja kizito mara nne, ushone kwa mwendo wa kasi kwa muda mrefu, hata muuzaji akinuna. Soma namba iliyogongwa, kisha uombe kusoma na namba ya kichwa cha jirani yake. Dai risiti halali, na dai muda wa majaribio uandikwe kwa mkono juu ya risiti hiyo hiyo. Muuzaji anayeiamini mali yake hatakosa wino.

Na ukikuta cherehani kuukuu ambayo chuma chake kingali kizima, usiidharau kwa uzee wake. Meza na miguu ya cherehani yetu ya Novemba ilikuwa imara, kwa hiyo baadaye tulitafuta kichwa cha zamani kilichotumika, fundi akakifunga juu yake, na leo msichana wetu anashona kwa raha. Wateja, mmoja mmoja, wamerudi.

Kile kichwa kipya kilipatiwa mnunuzi mara mbili. Watu walikiona kinang'aa, wakatoa bei nzuri, na sitakuficha kwamba fedha zile tulizihitaji. Mke wangu alikataa. "Kesho atalaumiwa mwenzangu," alisema, na hapo mazungumzo yakaisha. Fundi alikichukua kama chuma chakavu.

Basi nawaheshimu wahenga, lakini naona jembe la leo lapaswa kuchaguliwa, na kuchaguliwa kwa ukali. Mkulima aliyelichagua jembe lake vizuri atalima, na mavuno yake yatabeba jina lake kwa haki. Aliyeuziwa jembe la bati atalima vilevile, jua litamchoma vilevile, na jioni wapita njia watasema ni mvivu.